Homa Inayopita Siku Tano (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha mtoto zahanati: kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, homa bado inapanda. Mara nyingi ni virusi vya kawaida, na homa huisha yenyewe. Leo tuitazame ile inayogoma.

Januari 1961, daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, alimpokea mvulana wa miaka minne ambaye ugonjwa wake haukufanana na wowote aliowahi kuusoma. Mwaka 1967 akaandika habari za watoto 50 wa aina hiyo, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake: ugonjwa wa Kawasaki. Chanzo hakijathibitishwa hadi leo, ila dalili zinaelekea kwenye virusi. Mwaka 2020, Wajapani walipofunga shule na kuvaa barakoa, wagonjwa walipungua sana. Mwaka huohuo UVIKO-19 ulizua ugonjwa unaokaribiana na huu, uliowashika watoto wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi, hata waliokuwa hawajaugua sana.

Katika ugonjwa wa Kawasaki kinga ya mwili huchokozwa, kisha hushambulia kuta za mishipa ya damu, hasa inayolisha moyo. Ukuta uliolegea hutuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka.

Kwetu Karagwe na Kyerwa, homa yenye vipele huitwa surua upesi. Lakini mtoto wa surua ana kikohozi, mafua na macho yanayotoa machozi. Huyu wa Kawasaki macho ni mekundu, hayana tongotongo. Midomo imepasuka, ulimi umewiva na kutoa vinundu, viganja na nyayo vimevimba hata anakataa kusimamishwa. Pengine ana tezi upande mmoja wa shingo. Dalili hizi hazitokei zote siku moja, kwa hiyo mama amweleze daktari hata zile zilizokwisha kutoweka. Ngozi ya vidole huanza kubanduka kandokando ya kucha homa ikishashuka, na hapo familia hushangilia kupona wakati mishipa ya moyo ndiyo kwanza inatuna.

Siamini kwamba watoto wetu wameepushwa. Marekani, wenye asili ya Afrika nao huugua.

Dripu ya imunoglobulini (kingamwili) ikitolewa kabla ya siku ya kumi, wanaoharibika mishipa hupungua kutoka mmoja kati ya wanne hadi takriban mmoja kati ya ishirini. Dawa hiyo ni ghali, na safari ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ni ndefu. Basi homa ikifika siku ya tano, mpelekeni hospitali ya Nyakahanga, au ya Isingiro kwa walio Kyerwa, badala ya kurudia sindano zilezile. Aspirini pia hutumika, lakini kwa amri ya daktari tu: mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga akipewa nyumbani, inaweza kumdhuru ini na ubongo.