Namba 4474

Julai 3, 1988, saa nne na dakika 17 asubuhi, ndege ya abiria ya Iran Air, safari namba 655, iliruka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Dakika saba baadaye iliangushwa na makombora ya USS Vincennes, manowari ya Marekani. Watu wote 290 waliokuwemo walikufa.

Kwenye chumba cha operesheni cha manowari hiyo, chenye mwanga hafifu ili skrini zisomeke, Kapteni Will Rogers alikuwa tayari vitani na boti za mwendo kasi za Iran. Meli inakata kona kali, mizinga inalia, kila mtu anasikiliza sauti kadhaa kwa mpigo. Akaambiwa ndege inayokuja inashuka kuwaelekea. Kumbukumbu za kompyuta ya meli hiyohiyo zilionyesha kwamba ilikuwa inapanda.

Wengi hulaumu hofu. Ilikuwepo, sikatai, lakini tazama walichotakiwa kufanya. Kwenye skrini kubwa ndege ilikuwa alama tu. Kimo chake kilisomwa kwenye skrini ndogo, namba tupu isiyosema inapanda au inashuka. Mhusika asome futi, azishike kichwani, asome tena, atoe moja kwenye nyingine, huku amri zikimiminika masikioni. Hiyo ni kazi ya kumbukumbu tendaji, ile inayoshikilia jambo kwa sekunde chache wakati tunalifanyia kazi. Mwaka 1956 George Miller aliikadiria kubeba vitu saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaishusha hadi vinne. Vikizidi, kimoja hudondoka, na mwenyewe hana habari.

Kuna pia suala la utambulisho. Vincennes iliipa ndege hiyo namba 4474. Manowari nyingine, USS Sides, ikaipa 4131. Kompyuta zilipounganisha taarifa zilibakiza 4131, na 4474 ikahamia kwa ndege ya kijeshi iliyokuwa mbali. Watafiti waliochambua tukio hilo wanaeleza kwamba kapteni aliuliza 4474 inafanya nini. Akajibiwa inashuka. Namba aliishika sawasawa. Mashine ndiyo iliyoigawa upya bila kumwambia, na hilo linaniumiza kuliko yote.

Uchunguzi ulioongozwa na Admirali William Fogarty ulipendekeza uangaliwe uwezekano wa skrini kubwa kuonyesha kama ndege inapanda au inashuka. Neno moja tu mbele ya macho ya wote, na hakuna ambaye angelazimika kupiga hesabu ya kutoa kichwani huku mizinga ikilia.