Mbwa wa uani anapohamia sebuleni

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, kazi ya mbwa iko getini. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa, na kibao cha "Mbwa mkali" humtangaza kwa wapita njia. Mlango wa jikoni anaujua kwa nje tu. Akithubutu kuingiza kichwa, hufukuzwa kwa ufagio. Kisha mambo hubadilika. Familia inauza kiwanja na kuhamia ghorofani, au mbwa anazeeka na kuanza kutetemeka kwa baridi ya Julai, au mtu mwenye huruma anaamua kumchukua mbwa aliyekuwa akizurura mtaani. Mnyama wa miaka mitano au sita, aliyelala chini ya mwembe maisha yake yote, anatakiwa sasa alale kando ya kochi.

Wengi huamini kwamba mbwa wa umri huo hafundishiki tena. Imani hiyo haina msingi, na imewaponza mbwa wengi waliorudishwa nje, au kutupwa kabisa, baada ya wiki moja ya mkojo sakafuni. Kwa jambo hilo hilo la mkojo, mbwa aliyekomaa ana nafuu kuliko mtoto wa mbwa: kibofu chake kimekua, na akiwa mzima wa afya anaweza kujizuia usiku kucha. Isitoshe, mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala.

Kinachomchanganya ni nyayo zake. Tangu utotoni amezoea kujisaidia akiwa amekanyaga udongo au majani, na mwili wake umeshika hivyo. Akifikishwa kwenye marumaru, mbwa mmoja atajibana siku nzima, mwingine atalitafuta zulia kwa sababu ndilo linalokaribiana na nyasi. Dawa ni kumpa kile anachokijua. Mwenye bustani karibu ampeleke pale pale kila mara, amefungwa kamba. Anayeishi ghorofani anaweza kuweka kwenye roshani beseni pana lenye udongo uliochotwa kule kule uani alikotoka. Harufu yake mwenyewe itamwelekeza.

Saa za kumtoa hazibahatishwi. Chakula kikiingia tumboni huuamsha utumbo mpana, ndiyo maana mbwa wengi hutaka kwenda haja muda mfupi baada ya kula. Anayelishwa mara mbili kwa siku kwa saa zile zile hutabirika. Anayeachiwa sufuria ya ugali na dagaa kutwa nzima hatabiriki. Basi atolewe akiamka, akishakula, akishacheza na kabla ya kulala. Akimaliza haja yake, apewe kipande cha nyama papo hapo, angali amesimama kwenye nyasi. Akipewa baada ya kurudi ndani, atadhani amelipwa kwa kurudi.

Na akikosea? Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi nzuri. Mwenye nyumba anarudi jioni, anakuta dimbwi, anamwona mbwa amelaza masikio na kukwepa macho, naye anaamua: huyu anajua alichofanya. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, aliipima imani hiyo kwa mbwa 14. Wenye mbwa walikataza biskuti fulani isiliwe, wakatoka chumbani, na waliporudi waliambiwa kama mbwa ameila au hakuila, mara nyingine kinyume cha ukweli. Ile sura ya kukiri kosa ilijitokeza zaidi pale mbwa alipokaripiwa, hata kama hakuwa amegusa biskuti. Mbwa huogopa uso wa bwana wake uliokunjamana. Dimbwi la saa tatu zilizopita halihusiani. Kumchapa, au kumsugua pua kwenye mkojo, kunamfundisha kitu kimoja tu: kujificha nyuma ya kochi anapotaka kukojoa.

Usafi nao una sayansi yake. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, ya binadamu ina milioni tano au sita, kwa hiyo sakafu inayonukia vizuri kwa mama mwenye nyumba bado inamwita mbwa arudie pale pale. Watu wengi hukimbilia Jik, dawa ya kupaushia. Ni hatari, kwa kuwa mkojo una amonia, na amonia ikikutana na dawa hiyo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Inafaa kufyonza mkojo kwa kitambaa, kuosha kwa sabuni na maji mengi, kisha kupangusa kwa siki iliyochanganywa na maji. Siki yenyewe isikutanishwe na Jik kamwe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Zipo pia dawa zenye vimeng'enya vinavyovunja mabaki ya mkojo, na ndizo bora kwa anayezipata.

Lakini hata kabla ya choo kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni wageni anaokuja nao mwilini. Kupe wa kahawia wa mbwa, anayeitwa kitaalamu Rhipicephalus sanguineus, hutofautiana na kupe wengi wa malishoni: anaweza kuzaliwa, kukua na kuzaana ndani ya nyumba bila kuona jani. Akishiba damu hudondoka, hupanda ukuta na kujificha kwenye ufa, nyuma ya pazia au chini ya godoro, na jike mmoja anaweza kutaga mayai kufikia 4,000. Ndiye anayeeneza vimelea vya Ehrlichia canis, vinavyoleta ugonjwa uliowaua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Mbwa mwenye ugonjwa huo hulegea, hukonda, fizi hupauka, na wengine hutokwa damu puani.

Kwa hiyo kupe wamalizwe kabla ya usiku wa kwanza ndani. Watafutwe katikati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya mkia. Jambo la kuepuka ni ile desturi ya kumwogesha mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho. Mbwa hujilamba, na watoto watamkumbatia. Dawa ikizidi inaweza kumuua yeye na kuwadhuru wao. Daktari wa mifugo atampima uzito na kutoa kidonge au matone yanayolingana nao. Viroboto wanahitaji kazi ya ziada, maana wale wanaoonekana kwenye manyoya ni sehemu ndogo tu. Mayai hudondoka kwenye zulia na matandiko, kwa hiyo matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila wiki.

Safari hiyo hiyo ya kwa daktari itumike kumpa dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na watoto ni miongoni mwa waathirika wakubwa. Hakuna mbwa anayepaswa kulala nyumba moja na watoto bila kadi ya chanjo.

Hofu inahitaji subira zaidi ya dawa. Michael Hennessy na wenzake, waliochunguza mbwa waliopelekwa kwenye kituo cha kuhifadhia wanyama huko Ohio, walikuta homoni ya kortisoli imepanda sana katika siku tatu za mwanzo. Mbwa anayekataa kula siku hizo hana kiburi, ana wasiwasi. Asizungushwe nyumba nzima. Apewe chumba kimoja, kona tulivu iliyo mbali na mlango, na gunia lake la zamani bila kufuliwa siku hizo za mwanzo, mradi halina kupe wala viroboto. Marumaru humtelezesha, hasa kwa kuwa kucha zake hazisagwi tena na udongo mgumu: zikatwe, na mkeka utandikwe anapopita. Blenda au mashine ya kufulia iwashwe kwanza chumba cha mbali huku akipewa vipande vya nyama, kisha asogezwe karibu nayo kidogo kidogo siku hadi siku. Kumwacha peke yake nako kuanze kwa dakika chache.

Kubweka kutabaki kwa muda, kwani kwake kila hatua ya ngazi ni mwizi. Matembezi marefu ya asubuhi hupunguza. Majirani wafikiriwe pia. Mombasa, Tanga na Zanzibar, Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafii, ambamo aliyeguswa na mate ya mbwa hutakiwa kuosha mahali palipoguswa mara saba, moja kwa udongo. Kumshika mbwa kwa kamba fupi kwenye ngazi za pamoja, na kumpisha jirani apite kwanza, ni adabu ambayo mwenye mbwa anadaiwa.

Wengi huzoea ndani ya wiki chache. Ikiwa mbwa aliyekwisha kujua choo chake anaanza ghafla kukojoa ndani, anakunywa maji kupita kawaida, au damu inaonekana kwenye mkojo, tafadhali usimwadhibu na usisubiri: mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwani maambukizi ya kibofu, ugonjwa wa figo na kisukari huanza kwa dalili hizo hizo.