Meseji imefungwa, bahasha je?

1/ Tuelewane, wadau. Kila mjadala wa faragha lazima mtu aseme: "Meseji zimefungwa kufuli, hakuna anayezisoma." Hiyo ni nusu ya ukweli.

2/ Nikimwandikia wakili saa nane usiku, kisha mwanahabari saa tisa, maneno yangu hayasomeki. Lakini mwenye programu anaweza kujua nimemwandikia nani na lini. Hiyo ni bahasha, nayo inasema mengi.

3/ Tangu Machi 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka WhatsApp ipokee meseji za programu zingine zinapoomba. Uhuru mzuri, ila sasa bahasha moja inapita kwa kampuni mbili.

4/ Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano. Mgombea akiahidi faragha, muulize: barua peke yake, ama na bahasha?