Fasihi ya Kiswahili na Uteuzi wa Masomo ya Gredi ya 10

Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985 na ambao sasa unafikia ukingoni, mwanafunzi wa sekondari hana haja ya kuichagua fasihi ya Kiswahili. Kiswahili ni somo la lazima, na karatasi yake ya tatu katika mtihani wa KCSE ni fasihi. Atake asitake, hata anayependa fizikia husoma riwaya na tamthilia.

Hali ni tofauti kwa waliojiunga na Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Hao wana masomo saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Matatu ni ya kuteuliwa, na Fasihi ya Kiswahili imo humo, katika mkondo wa Sayansi za Jamii.

Uteuzi hufanywa mwanafunzi akiwa bado Gredi ya 9. Hateui somo peke yake. Huteua mkondo, mseto wa masomo matatu, na shule zinazoutoa mseto huo. Shule isiyofundisha Fasihi haimfai, hata akiipenda vipi. (Mzazi naye, aghalabu, keshauliza fasihi italipa nini.) Wateuzi wakiwa haba, shule haitaona sababu ya kumtafuta mwalimu wake.

Kundi hilo la kwanza litabisha hodi vyuoni mwaka wa 2029. Wenzetu wanaokwenda mazoezi ya ualimu katika sekondari msingi wangefaa kuwaeleza wanafunzi haya kabla uteuzi haujafungwa.