Jeki Ikivuja Kabla ya Masika: Biashara ya Haidroliki Pwani ya Kilifi

Kwenye ukanda unaoanzia Mtwapa hadi Marereni, trekta ina msimu wake. Mvua za masika hushika Aprili na kufikia kilele mwezi wa Mei, kwa hiyo mwenye trekta huvuna Februari na Machi, wakati kaskazi inaelekea ukingoni na kila mkulima wa Magarini, Ganze na Kaloleni anataka shamba lake liwe limelimwa kabla ya tone la kwanza. Mapato ya wiki hizo chache ndiyo yanayolipa mkopo, dereva na karo. Ndizo pia wiki ambazo jeki ya haidroliki iliyokuwa ikitoka jasho la oili tangu mwaka uliopita huamua kufungulia.

Ukiitazama, jeki yenyewe ni kitu kidogo: silinda ya chuma, pistoni ndani yake, na shafti inayong'aa ikiingia na kutoka. Nguvu yake ndiyo kubwa. Jeki yenye kipenyo cha ndani cha milimita 75, ikisukumwa na oili yenye presha ya bari 150, hunyanyua kiasi cha tani 6.8. Jeki ndizo zinazomwaga trela la mchanga, zinazobeba koleo la mashine ya kupakia chumvi kule Gongoni, na zinazosimamisha sanduku la tipa lililotoka machimbo ya mawe ya matumbawe. Ikivuja vya kutosha, hakuna kinachoinuka, na mashine ya mamilioni hulala shambani kwa ajili ya kipande cha mpira kinachoingia mfukoni.

Wateja wengi hudhani mpira huo, yaani sili, ndio wanaoulipia. Sivyo ilivyo pwani. Sili ni sehemu nafuu ya bili. Pesa huishia kwenye chuma, na kwenye siku zinazopotea chuma kikitafutiwa dawa.

Kwanza, kwa nini mashine za zamani zimejaa hivi huku pwani? Sehemu ya jibu ni Harry Ferguson, fundi wa Ireland aliyeunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa na haidroliki. Trekta lake la TE20 lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na zaidi ya 500,000 zikauzwa. Kampuni yake iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na kutoka ukoo huo ikaja Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa 1964. Mfumo haukubadilika sana baada ya hapo. Massey Ferguson 240 imeendelea kutengenezwa Pakistan na Millat, miongo mingi baada ya viwanda vya Ulaya kuhamia matrekta yenye kompyuta, na spea za asili hiyo ndizo zinazowafanya wenye mashine kuukuu waendelee kulala usingizi. Trekta ambalo spea zake bado zinatengenezwa halijazeeka kibiashara, hata kama rangi yake imekwisha.

Upande wa pili ni wauzaji rasmi. Januari 2025, CMC Motors, iliyokuwa ikiuza matrekta ya New Holland, ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Kampuni inaweza kufunga milango. Matrekta iliyoyauza hubaki mashambani, na haidroliki zake huendelea kuchakaa. Kila muuzaji anapoondoka, kazi husogea kutoka karakana yenye kiyoyozi hadi chini ya mwembe au mabati ya jua kali. Wachumi waliipa sekta hiyo ya jua kali uzito mapema: ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya, iliyotoka 1972, ndiyo iliyoeneza duniani wazo la sekta isiyo rasmi. Fundi wa haidroliki wa Malindi ni mrithi wa mjadala huo, ingawa jambo linalomshughulisha asubuhi ni kama mteja amefika na kitu cha kuanzia.

Tatizo la pwani lina jina moja: chumvi. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka kaskazini mwa Malindi, kwenye mabwawa ya Gongoni, Marereni na Kurawa, ambako maji ya bahari huachwa yakauke kwa jua na upepo. Matrekta, trela na mashine za kupakia hufanya kazi humo zikipita juu ya maji ya chumvi yenyewe. Hata zile za bara kidogo, maili kadhaa kutoka ufuoni, hupata chumvi inayoletwa na kusi na kutua juu ya kila chuma.

Shafti ya jeki hupakwa kromu ngumu ili iteleze bila kukwaruza sili. Tabaka hilo ni jembamba mno: mara nyingi milimita 0.02 hadi 0.05 tu. Tena lina nyufa ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, na chumvi huzipitia hadi kwenye chuma cha chini. Kutu huanza kukua huko ndani, huinua kromu kama ganda la chungwa bovu, kisha kipande hubanduka na kuacha kishimo. Kuanzia hapo, kila shafti inapoingia na kutoka, ukingo wa kishimo hukata mdomo wa sili. Unaweza kuweka leo sili mpya, bora kuliko zote Mombasa. Ikikutana na vishimo hivyo, itaanza kutoka jasho tena kabla ya msimu kwisha.

Mashine inayopumzika ndiyo inayooza upesi zaidi. Trela likiegeshwa miezi mitano na shafti ikiwa nje, sehemu iliyo wazi ndiyo inayoliwa. Dereva mwenye akili huegesha jeki zote zikiwa zimeingia ndani, na zile zisizoweza kuingia huzipaka grisi. Kinga hiyo haigharimu chochote cha maana, lakini ndiyo inayosahauliwa kwanza trekta linapobadilisha madereva watatu kwa mwaka.

Karakanani, kazi huanza kwa kuuliza oili inatokea wapi. Ikionekana kwenye mdomo wa silinda, shafti ikitoka imelowa, basi ni sili ya mbele. Ikiwa nje ni kukavu lakini mzigo unashuka wenyewe, sili za pistoni ndizo zimekwisha na oili inapita ndani kwa ndani. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuinua mzigo, kuchora mstari wa chaki kwenye shafti, kuzima injini na kusubiri. Hata hivyo chaki hiyo haimalizi ubishi, kwa sababu valvu iliyochoka huleta dalili ileile. Fundi mwangalifu hufunga njia ya valvu kabla ya kuihukumu jeki. Asiyekuwa mwangalifu hufungua jeki nzima, akabadilisha kila kitu, kisha mzigo ukaendelea kushuka.

Massey Ferguson za zamani zina mtego wake. Jeki inayoinua mikono ya nyuma haionekani: imefichwa chini ya kifuniko cha juu, ndani ya sanduku lenye oili moja na gia. Ikivuja, hakuna tone litakaloanguka chini. Mikono huinuka kwa kusitasita na kushuka kidogokidogo, na mwenye trekta huenda kununua pampu. Mara nyingi kosa liko kwenye ringi za pistoni, au kwenye oringi ndogo ya bomba linalopandisha oili. Hapa ndipo uzoefu hulipa zaidi ya spana, kwani tofauti ya bei kati ya oringi na pampu ni kubwa mno.

Kwa jeki ya nje, fundi huegemeza mzigo kwenye magogo au stendi kwanza, hutoa presha, kisha hufungua mipira ya oili na kuziba midomo yake kwa matambara safi. Kifuniko cha mbele hukataa kufunguka; hupigwa moto kidogo na kugongwa kwa shaba ili kisipasuke. Shafti ikitoka, huifuta na kuipitishia ukucha polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukucha ukikwama, mazungumzo ya bei huanza upya. Ndani ya silinda humulika kwa tochi kutafuta mikwaruzo ya wima. Sili kuukuu hupimwa kwa kalipa: kipenyo cha ndani, cha nje na kina cha mfereji. Mashine nyingi za Kiingereza za enzi hizo zilipimwa kwa inchi, na sili ya milimita inayokaribiana hudanganya jicho. Hukaa vizuri mkononi, ikavuja siku ya kwanza kazini.

Sili mpya huchovywa kwenye oili na kuingizwa kwa vidole. Bisibisi yenye ncha hukata mdomo wake bila mtu kujua. Mdomo huo lazima uelekee upande wa presha. Ukigeuzwa, kazi yote ni bure. Mbele yake hukaa sili nyembamba ya kufuta vumbi, ambayo wateja hupenda kuiruka ili wapunguze bili. Vumbi la udongo mwekundu wa Ganze na mchanga wa Mambrui hulifanya jambo hilo kuwa ubahili wa hasara.

Shafti ikiwa imeliwa, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kulainisha kingo za vishimo kwa jiwe au msasa na kurudisha jeki kazini, suluhisho la wiki chache kwa mwenye shamba la kumaliza. Ya pili ni kukwangua kromu ya zamani, kupaka mpya na kusaga hadi kipimo. Ya tatu ni kununua chuma cha duara kilichokwisha kupakwa kromu kiwandani, kukikata, kukikereza nyuzi upande mmoja na kuchomelea jicho la shafti ya zamani upande wa pili. Njia hii ya tatu ndiyo inayozidi kupendwa, maana upakaji wa kromu hutumia tindikali yenye sumu inayosababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliiwekea masharti ya kibali maalumu tangu Septemba 2017, na karakana ndogo haina pa kuitupa.

Kwa njia ya pili na ya tatu, mteja wa Malindi kwa kawaida huitazama Mombasa, umbali wa kilomita 120 hivi. Wa Kilifi nusu yake. Kuna nauli au boda ya kupeleka mzigo stendi, kuna foleni kwenye mashine ya kukereza, na kuna kurudi. Katikati ya Machi, siku nne za namna hiyo zinaweza kumgharimu mwenye trekta ekari nyingi kuliko bei ya shafti yenyewe. Ndiyo maana njia ya kwanza, ile mbaya, haiishi soko. Mwenye trekta anayeichagua si mjinga. Amepiga hesabu ya kalenda. Kosa lake, kama lipo, ni kutorudi karakanani Juni, mashine ikiwa imepumzika na mafundi wakiwa hawana kazi nyingi.

Hesabu nyingine hufanywa mara chache. Tone moja kila sekunde, kwa siku ya kazi ya saa 8, ni matone 28,800. Kwa wastani wa matone 20 kwa mililita, hiyo ni lita 1.4 kila siku. Kwa wiki sita za kulima bila kupumzika, ni karibu lita 60: ndoo tatu za lita 20 zilizomwagwa mchangani. Mwenye trekta anayeongeza oili kila asubuhi huku akisema sili ni ghali anapaswa kuziweka risiti hizo mbili pamoja.

Si oili yote inayopotea. Oili chafu inayotolewa karakanani huwa na wateja, hasa wajenzi wanaopaka maboriti ili mchwa wasiyale. Sheria za mazingira zinaihesabu oili chafu kuwa taka ya hatari, na visima vya pwani, vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe unaopitisha maji upesi, haviko mbali na sehemu nyingi za kazi.

Kuna hatari moja ambayo madereva huidharau. Mpira wa oili wenye tundu dogo kama la sindano hutoa mchirizi usioonekana, wenye nguvu ya kupenya ngozi. Jeraha huonekana kama mchubuko, lakini oili imeingia mkononi na daktari anahitaji kupasua ndani ya saa chache, la sivyo kidole au mkono huweza kukatwa. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja.

Kampuni kubwa za ukanda huu huwa na karakana na stoo zao, na shamba la mfano la ekari 10,000 la Galana Kulalu, lililoanzishwa 2014, liliongeza mashine kubwa kwenye eneo lenye mafundi wachache. Soko la fundi wa barabarani ni wengine: mwenye trekta moja, kikundi cha wakulima, mwenye tipa mbili. Nafasi ya biashara iko hapo. Mashine moja ya kukereza ndefu vya kutosha, akiba ya chuma cha kromu cha vipimo vitano au sita vinavyotumika zaidi, na sanduku la sili za inchi, vikiwekwa Malindi au Kilifi kabla ya Februari, vingeokoa siku nyingi za kulima kuliko trekta jipya moja la kukodisha. Mafundi wenyewe wapo. Kinachowakosesha zabuni ni karatasi, yaani cheti, ilhali Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutahini ufundi kwa madaraja matatu hata kwa aliyejifunza kazi bila kukanyaga chuo.

Dhamana ya kazi bado hupatanwa kwa mdomo. Utaratibu unaofaa pande zote ni huu: ikivuja tena msimu huohuo, pesa za ufundi hazitozwi, spea ni juu ya mwenye mashine. Fundi mzoefu hakubali sharti hilo kwa shafti yenye vishimo, na humwambia mteja mapema, dereva akiwa amesimama hapohapo, ili Aprili pasiwe na kesi.