Maumivu Yasiyoonekana na Kazi ya Mkono Mwororo

Yako maradhi ambayo mwenye nayo haonekani kuwa mgonjwa. Hana homa, hana jeraha, wala viungo vyake havikuvimba. Akipimwa damu, haonekani na kasoro. Akipigwa picha ya mifupa, mifupa ni mizima. Hata hivyo mwili wote wauma, tangu shingo hata nyayo, miezi na miaka. Alalapo haburudiki, na aamkapo asubuhi ni kama mtu aliyetwanga mahindi usiku kucha. Tena husahau maneno akiwa katikati ya kuyanena, na kelele za watoto humchoma kama miiba. Madaktari wayaita maradhi hayo faibromialjia, jina lililoungwa kwa maneno ya Kilatini na Kiyunani, maana yake ni maumivu ya nyuzi za mwili na misuli. Yakadiriwa kuwa katika watu mia, wawili hata wanne wanayo, na walio wengi ni wanawake.

Leo twataka kunena habari za kumchua mgonjwa wa namna hiyo, kwa sababu kuchua ndiko dawa ambayo nyumba nyingi huikimbilia kwanza, na kwa sababu mara nyingi twaona kukifanywa vibaya.

Yafaa tujue kwanza maumivu hayo yatoka wapi. Mwaka 1904 daktari William Gowers wa London alitunga jina la faibrositi, yaani uvimbe wa nyuzi za mwili, na kwa miaka mingi watu walidhani kwamba ndiyo asili ya maumivu haya. Lakini waliochunguza misuli ya wagonjwa hawakuuona uvimbe huo. Siku hizi wataalamu wengi wakubali kuwa shida iko katika mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo, ambavyo huikuza habari ya maumivu kupita kadiri. Ni kama mlinzi wa shamba apigaye yowe kwa ajili ya nyani, na akiona panzi apiga yowe lile lile.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walibana ukucha wa kidole gumba cha wagonjwa, na cha watu wengine wasio na maradhi haya, huku wakiutazama ubongo wao kwa mashine. Mbano ule ule mdogo ambao wale wengine waliuona si kitu, uliwaumiza wagonjwa, na ubongo wao ulionyesha hivyo hivyo. Basi asiwepo wa kusema kwamba watu hawa wajisingizia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Twamjua mama mmoja, mke wa mwalimu, ambaye maneno ya watu yalimtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Mkwewe alisema ni mvivu. Majirani walisema amerogwa, na hata watu waliokuwa wakiketi naye kanisani walinong'ona. Mumewe, kwa kumhurumia, aliuza mbuzi wawili akamwita mchuaji aliyesifiwa kwa nguvu zake. Mtu huyo alimlaza kifudifudi, akamkandamiza mgongo kwa viwiko, akasema yako mafundo ndani na sharti yavunjwe. Na mama alipolia aliambiwa kwamba uchungu ule ndio dawa kuingia. Siku tatu hakuweza kuinuka kwenda jikoni.

Hayo mafundo ndiyo yaliyotudanganya wengi. Mwenye maradhi haya hana kitu cha kuvunjwa. Akikandamizwa kwa nguvu, yule mlinzi wa shamba azidi kupiga yowe, na kazi yote imekuwa hasara. Kinachotakiwa ni kumtuliza mlinzi, si kumshtua.

Lugha yetu yatusaidia hapa, kwa kuwa inayo maneno matatu ambayo siku hizi watu huyachanganya. Kukanda ni kwa kubonyeza, na mara nyingi kwa kitambaa na maji ya moto, kama akandwavyo mzazi. Kuchua ni kusugua kwa mafuta, kama achuliwavyo aliyeteguka. Kusinga ni kupaka na kupapasa mwili polepole kwa vitu vya manukato, kama asingwavyo bibi arusi. Basi mgonjwa wetu aanze kwa mkono wa kusinga, akizoea, achuliwe, na kukandwa kwa nguvu kuachwe kabisa, maana yeye si unga wa chapati.

Dada yake yule mama alijifunza kwa mwuguzi namna ya kufanya, na alifanya hivi. Jioni, kabla ya kulala, alitia mafuta ya nazi katika viganja akavisugua hata vikapata moto. Alianza kwa nyayo na mikono, mahali pasipouma sana, kisha mabega, kisha mgongo, kwa kiganja kizima wala si kwa ncha za vidole. Kila mara aliuliza, "Hapa je?" Siku ya kwanza hakupita dakika kumi. Kesho yake aliuliza habari za maumivu: yakiwa yamezidi, mara ya pili alipunguza nguvu, yakiwa hayakuzidi, aliongeza muda kidogo. Mara mbili kwa juma zilitosha. Faida ya kwanza iliyoonekana ilikuwa usingizi.

Je, wataalamu wasemaje? Mwaka 2014 ilitolewa hesabu ya majaribio 9 yenye wagonjwa 404, nayo ilionyesha kwamba waliochuliwa kwa majuma matano au zaidi walipata nafuu ya maumivu, ya wasiwasi na ya huzuni. Lakini hiyo ni nafuu ya wakati ule wa kuchuliwa. Si ushahidi kwamba yadumu baada ya kuacha. Tena jopo la wataalamu wa Ulaya, katika mashauri yake yaliyochapishwa mwaka 2017, lilitilia nguvu mazoezi ya mwili kuliko tiba nyingine zote, wala kuchua halikukupendekeza, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa dhaifu. Sisi twaona kwamba kwa mambo haya mtu asiuze mbuzi. Lakini mkono wa ndugu na mafuta ya nyumbani havina gharama kubwa, na mgonjwa aliyelala vizuri ndiye awezaye kesho kutembea hata kisimani na kurudi. Kutembea huko, kukiongezwa kidogo kidogo, ndiyo tiba yenyewe hasa.

Jambo moja lisisahauliwe. Kabla ya kusema ni maradhi haya, mgonjwa aende hospitali, kwa maana viungo vinavyovimba, homa, kukonda, au mguu unaopooza ni dalili za maradhi mengine. Na mtu ambaye mguu wake mmoja umevimba, una moto na wauma, asichuliwe kamwe. Huenda damu imeganda mshipani, na kusugua kwaweza kuisukuma hata mapafuni, akafa. Mwenye mimba amwulize mkunga kwanza.

Wako waume waonao haya kuwachua wake zao, wakidhani ni kazi ya wanawake. Mwalimu yule naye alikuwa hivyo, hata dada yule aliporudi kwake. Sasa yeye huchua mabega, na binti yao wa miaka kumi huchua nyayo, akihesabu kwa sauti hata mia mbili, kisha huenda kuosha vyombo. Mama bado ana siku mbaya. Hulima nusu ya tuta, huketi kivulini, kisha hulima nusu iliyobaki, na mkwewe siku hizi humletea maji.