Kabla ya Kupima Bei ya Taimingi, Tupime Neno

Wahenga walituachia methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lau wangaliishi katika zama hizi za magari, yamkini wangaliongeza kuwa daftari lenyewe, likiandikwa kwa maneno yasiyoeleweka, hupoteza mali vilevile. Hilo ndilo linaloweza kumpata mwenye gari wa Meru au Embu anapopokea kutoka kwa wakala wa magari ile karatasi ya makadirio ya gharama ambayo wengi twaiita kotesheni. Karatasi yenyewe ni safi, ina mhuri na nembo, na tarakimu zimepangwa zikapangika. Lakini penye kueleza kazi yenyewe pameandikwa maneno mawili tu: kutengeneza taimingi. Chini yake, makumi ya maelfu ya shilingi.

Swali la mwenye gari huwa moja: je, bei hii ni ya haki? Humwuliza jirani, humwuliza mwalimu mwenzake katika chumba cha walimu, humwuliza dereva wa matatu. Kila mmoja humtajia bei yake, na hakuna bei mbili zinazolingana. Dai langu ni kwamba swali hilo halijibiki kwa kulinganisha tarakimu peke yake. Kabla ya kupima bei, sharti tupime neno. Na neno taimingi, likitazamwa kwa jicho la mwanaisimu, ni miongoni mwa maneno yaliyobebeshwa mzigo mkubwa wa maana katika gereji zetu.

Tuanze na jambo lenyewe. Ndani ya injini mna pistoni zinazopanda na kushuka, na mna valvu zinazofunguka na kufungika ili kuingiza hewa na kutoa moshi. Pistoni huuzungusha mhimili wa chini uitwao krankishafti, nazo valvu huendeshwa na kamshafti. Katika injini ya mipigo minne, krankishafti huzunguka mara mbili kila kamshafti izungukapo mara moja, na uwiano huo haupaswi kuteleza hata kwa jino moja. Kinachoiunganisha mihimili hiyo miwili ni belti ya mpira yenye meno, au cheni ya chuma, au giya, kama ilivyo katika injini nyingi za malori makubwa ya dizeli.

Hapo ndipo maana zinapoanza kugawanyika. Katika enzi za Peugeot 504 na Datsun 1200, kutaimu injini ya petroli aghalabu kulikuwa ni kuizungusha distribyuta kidogo ili cheche iruke kwa wakati wake. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, isiyohitaji spea yoyote. Kwa fundi wa dizeli, kutaimu kwaweza kuwa kuipanga pampu inayosukuma mafuta kwenye silinda. Kwa mwingine, taimingi ni kuondoa belti iliyochakaa na kutia mpya. Kwa wa nne, ni kuufungua upande wa mbele wa injini na kubadilisha cheni pamoja na vifaa vinavyoiongoza na kuikaza. Neno moja, kazi nne; na kati ya kazi ya kwanza na ya nne pana tofauti ya gharama kama ya baiskeli na pikipiki. Anayeuliza bei ya taimingi ilhali hajauliza ni taimingi ipi, basi hajauliza kitu.

Kwa hivyo, mtihani wa kwanza wa kotesheni ni huu: je, kazi iliyotajwa yalingana na injini iliyomo ndani ya gari? Jina la gari halitoshi. Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE hutumia cheni. Mwenye gari hilo akiandikiwa belti ya taimingi, ameandikiwa kifaa kisichokuwamo katika injini yake. Belti aionayo kwa nje ni ya kuzungusha jenereta na pampu ya maji, na bei yake ni nyingine kabisa. Kinyume chake, matatu ya Toyota Hiace yenye injini ya dizeli ya 5L, au Prado yenye 1KD-FTV, hutumia belti. Subaru Forester zilizotoka na injini za EJ zina belti, ilhali zile za baadaye zenye injini za FB zina cheni. Kwa kuwa magari mengi yetu huja nchini yakiwa yametumika Japan, si ajabu mawili yanayofanana kama shilingi kwa ya pili yawe na injini mbili tofauti. Namba ya injini na iandikwe juu ya kotesheni kabla ya jambo jingine lolote.

Mtihani wa pili ni wa ushahidi: wakala amejuaje kwamba taimingi ndiyo yenye kasoro? Belti hubadilishwa kwa kufuata kilomita hata kama haijaonyesha dalili. Katika magari mengi kipimo huwa kilomita 100,000 au karibu na hapo, na baadhi ya Toyota za dizeli huwasha taa iliyoandikwa T-BELT kuwakumbusha madereva. Cheni haina desturi hiyo. Hulalamika kwanza: hugonga asubuhi injini ikiwashwa, injini ikakosa nguvu, au kompyuta ya gari ikatoa namba ya hitilafu kama vile P0016, yenye maana kwamba kamshafti na krankishafti hazipatani. Lakini namba hiyo ni dalili, wala si hukumu. Kikazio cha cheni katika injini nyingi hufanya kazi kwa shinikizo la oili. Oili ikipungua au ikichafuka, cheni yaweza kupiga kelele. Na valvu ndogo inayoongoza oili kwenye kamshafti ikiziba, kompyuta yaweza kulalamikia taimingi ilhali cheni ni nzima. Kotesheni ya haki hutuambia kilichopimwa na kilichoonekana. Ile inayoruka kutoka kwenye taa ya dashibodi hadi kwenye bei ya cheni imeruka hatua ambayo mteja ana haki ya kuidai.

Mtihani wa tatu ni wa hesabu. Natuchukue mfano wa kubuni, usiokuwa bei ya duka lolote. Mwalimu wa shule ya upili aliyenunua gari kwa mkopo wa chama cha ushirika anaandikiwa hivi: spea zote, yaani belti, kikazio, roli, pampu ya maji, sili za oili na maji ya rejeta, Sh33,000. Kazi ya kubadilisha belti, Sh12,000. Kazi ya kubadilisha pampu ya maji, Sh9,000. Mengineyo, Sh4,000. Jumla ni Sh58,000, na kodi ya VAT ya asilimia 16 ikiongezwa, hufika Sh67,280.

Tukiisoma karatasi hii kama tusomavyo ufahamu darasani, mambo mawili yatatushtua. La kwanza ni pampu ya maji. Katika injini nyingi za belti, pampu huzungushwa na belti hiyohiyo, na ni busara kuibadilisha siku hiyo, kwani injini imekwisha kufunguliwa. Ndiyo sababu kazi ya pampu haifai kutozwa kana kwamba injini inafunguliwa upya: kufungua hulipwa mara moja. La pili ni hayo mengineyo. Mengineyo ni nini? Neno lisilo na kitu kinachorejelewa haliwezi kuwa na bei. Tuseme wakala akubali kutoza Sh2,000 kwa pampu, na mengineyo yafutwe. Jumla itashuka hadi Sh47,000, na pamoja na kodi, Sh54,520. Mwalimu ameokoa Sh12,760 bila kugombana na mtu, kwa kuuliza maswali mawili tu.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba bei ya haki ni bei ya chini. Nje ya lango la wakala huyo, mwalimu huyohuyo aweza kupata fundi wa jua kali atakayemwambia kuwa kazi nzima ni Sh20,000. Huenda ni fundi hodari, na wapo wengi wa aina hiyo, baadhi yao wakiwa na vyeti vya mitihani ya ufundi ya NITA. Lakini bei hiyo nayo ifanyiwe mitihani ileile. Je, ni belti peke yake, kikazio na roli kuukuu vikirudishwa mahali pake? Je, belti ni mpya au ni ya ex-Japan, yaani iliyotumika? Mlango au taa ya ex-Japan yaweza kumfaa mtu kwa miaka mingi. Belti ya taimingi iliyotumika haifai, kwa sababu umri wake haujulikani. Katika injini ambazo pistoni na valvu hupishana katika nafasi moja kwa zamu, belti ikikatika pistoni huzigonga valvu zikapinda, na bei ya kufungua kichwa cha injini huzidi mno ile iliyookolewa.

Isitoshe, kuna hatari isiyoandikwa katika kotesheni yoyote. Barabara ya kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Nkubu na Meru hushuka na kupanda mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, ukiwamo Thuchi. Injini ikizimika ghafla kwenye mteremko, usukani hugeuka mzito na breki huanza kudai nguvu kubwa ya mguu. Abiria wa matatu hawakuulizwa kama wakubali belti ya bei rahisi.

Ni haki pia kumtetea wakala. Anaponunua vifaa maalumu vya kushikilia kamshafti isisogee, anapotia spea halisi, anapotoa dhamana ya maandishi na kulipa kodi, gharama zake hupanda kwa sababu zinazotambulika. Kosa lake haliko katika kuwa ghali. Kosa huwapo anapoficha sababu za ughali wake nyuma ya neno moja. Dhamana inayodumu miezi kadhaa na kuandikwa ina thamani ya fedha. Dhamana ya mdomo ni salamu tu.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaostahili, na habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari, na msingi wake ni kwamba mteja apewe makadirio kabla ya kutozwa. Kifungu cha 7 cha Katiba nacho hukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiviweka vifungu hivi pamoja, utaona kwamba mteja anayeomba kotesheni yake ifafanuliwe kwa Kiswahili haombi hisani. Habari isiyoeleweka si habari.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Katika madarasa yetu ya Kiswahili, wanafunzi hufundishwa uandishi wa kiuamilifu: barua rasmi, kumbukumbu za mikutano, ripoti, matangazo. Ni aghalabu gani tunawapa kotesheni ya gereji waisome, waulize kila neno linarejelea nini, na waiandike upya kwa Kiswahili ambacho mteja wa Maua au Siakago angekielewa? Somo kama hilo lingekuwa la lugha, la hesabu na la uraia kwa pamoja. Msamiati tayari upo. Mafundi wenyewe wameuunda gerejini: belti, cheni, kikazio, roli, sili. Wajibu wa wasomi si kuwabeza kwa kutohoa. Ni kuyakusanya maneno hayo, kuyatenganisha maana na kuyaingiza katika vitabu, ili taimingi ya distribyuta isichanganywe tena na taimingi ya cheni.

Kwa mwenye gari aliye na karatasi mkononi leo, maswali ni machache. Injini yangu ni ipi, na yatumia belti au cheni? Mmepima nini mkaona kasoro? Kila spea ni mpya au imetumika, na ni ya nani? Kazi ya kufungua imetozwa mara ngapi? Dhamana ni ya muda gani, na nitarudishiwa vifaa vya zamani nivione? Wakala mwaminifu atayajibu bila kukunja uso. Akiyajibu yote, bei yake, hata ikiwa kubwa, yaweza kuitwa ya haki. Akishindwa, mteja achukue karatasi yake na aondoke kwa heshima, kwani kuuliza si ujinga, na mfuko ni wake.